Nyundo ya Bi Ingridi

Paukwa!
Pakawa!
Niseme au ninyamaze?
Sema, tumekaa!

Hapo kale, si kale sana maana lifti zilikuwako, mwanamke aitwaye Siwema alimfuata mumewe, Makame, katika mji wa ng'ambo. Mji una baridi, mji una taa, mji hauna hodi. Makame akienda kazini, Siwema hubaki na mtoto mgongoni na lugha ya watu mdomoni. Lugha aliisoma miezi mitano, akaijua sawasawa. Wa kusema naye ndiye aliyekosekana.

Akamwambia mumewe, "Mwezi huu ukiisha bila mtu kubisha mlango wetu, mimi na mwanangu tunarudi kwetu."

"Haya," akasema Makame, na roho ikamuuma.

Siwema akajaribu. Siku ya kwanza akamkuta mzee ndani ya lifti. "Hujambo, baba? Umeamkaje? Wa nyumbani hawajambo?" Mzee akashuka ghorofa ya pili. Naye anakaa ya saba!

Siku ya pili akampelekea vitumbua jirani yake, bibi mjane, Bi Ingridi. Asubuhi akaikuta sahani nje ya mlango, imeoshwa, inang'aa, tupu. Tupu, jamani!

Siku ya tatu akabisha kwa Bi Ingridi. Mlango ukafunguka kiasi cha pua kupita.

"Kuna moto?"
"Hakuna, bibi."
"Maji yanavuja?"
"Hayavuji."
"Basi kuna nini?"
"Nimekuja kukuona tu."
"Umeshaniona." Mlango, ta!

Siwema akakaa, akawaza. Watu hawa hawaji kwa salamu. Basi watakuja kufuata chao.

Kesho yake akabisha tena. "Bibi, niazime nyundo."

Bi Ingridi akafurahi. Sasa hilo analielewa! "Kesho saa nne iwe imerudi."

Saa nne ikafika, nyundo haikurudi. Saa nne na dakika moja, mlango wa Siwema: ko, ko, ko!

"Nyundo yangu!"

"Karibu ndani, bibi. Sijui nimeiweka wapi. Kaa niitafute."

Nyundo iko wapi? Ndani ya debe la unga!

Siwema akatafuta chumbani, akarudi na chai. Akatafuta uvunguni, akarudi na chapati. Akatafuta jikoni, akarudi na chapati nyingine. Bi Ingridi akasema goti linamuuma. Akasema mwanawe hampigii simu. Akasema miaka tisa hajala na mtu. Adhuhuri nyundo ikaonekana, nyeupe pe! Bi Ingridi akaitazama, akamtazama Siwema, akaondoka nayo.

Mnadhani ameudhika? Asubuhi: ko, ko, ko! Bi Ingridi, na ngazi begani.

"Nimekuazima ngazi."
"Sikuomba ngazi, bibi."
"Unaihitaji. Usiilete. Nitaifuata mwenyewe, saa nne."

Habari ikapanda ghorofa kwa ghorofa. Mzee wa lifti akaleta msumeno. Wa ghorofa ya tano akaleta pasi. Kila mtu hufuata chake, hukaa, hunywa chai, kisha huondoka amekisahau makusudi.

Mwezi ukaisha. Makame akaingia, akaruka ngazi, akakwepa msumeno, akasimama na tiketi mkononi.

"Mke wangu, mnaondoka lini?"

"Niondoke?" Siwema akashangaa, mikono imo ungani. "Na vitu vya watu nimwachie nani? Si wataniita mwizi!"

Ngano yangu imekaa kitako. Iliyempendeza aondoke nayo, isiyempendeza amsimulie jirani.