Watoto wa Kaizari

Bwana Mfinanga alikuwa na nyumba ya ghorofa, magari mawili na mbwa dume aitwaye Kaizari, ambaye cheti chake cha mbegu safi kilitundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi. Mtaa mzima ulishachoka kumsikia: "Kaizari hapandi ovyo! Akipanda jike lisilo na cheti, chama cha wafuga mbwa kinamfuta daftarini."

Asubuhi moja alifika kwa Namsifu, muuza tangawizi, ambaye jike lake la mtaani lilikuwa limezaa watoto wanne wa kupendeza.

"Hawa ni wa Kaizari," alisema. "Nawachukua leo hii."

"Hawajafumbua hata macho, Bwana."

"Watayafumbulia kwangu."

Namsifu akajikuna kichwa. "Mie nitajuaje? Labda ni wa yule mbwa wa bucha."

"Wa bucha! Hebu tazama masikio hayo! Kaizari aliruka ukuta akaja hapa, mlinzi wangu alimwona kwa macho yake."

"Basi niandikie hivyo hivyo, majirani wasije wakasema nimenyang'anywa."

Mfinanga akaandika, akatia sahihi na muhuri wa duka lake. Namsifu akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Haya, wachukue. Katibu wa chama chenu huja kwangu kununua tangawizi kila Jumatano. Nitampa naye aisome."

Mfinanga aliitazama kanga. Kisha akainama, akamwinua mtoto mmoja, akamgeuzageuza juani.

"Unajua, Namsifu," alisema taratibu, "masikio haya ni ya mbwa wa bucha kabisa."