Mbaazi wa Mbelwa

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mmecheka mama yenu alipomwambia kaka yenu maneno hayo, na sasa mnataka kujua yalikotoka. Haya, kaeni vizuri, maana aliyeyasababisha hakucheka.

Zamani, katika kijiji cha Kwamhingo, kijana hakupewa mke kwa maneno matamu. Baba wa binti alimtembeza shambani kwake akamwambia, "Chagua kipande, upande mbaazi." Ikichanua, posa imekubaliwa. Isipochanua, binti yuko huru kuposwa na mwingine. Watu walitaka kuona kama kijana anaweza kuamua jambo na kulisimamia.

Mbelwa alimpenda Mwantumu, binti wa Mzee Shemdoe, mpaka usingizi ukampaa. Kwa hofu ya kukosea, akamwita mjomba wake Kihiyo aje amchagulie. Kihiyo, mpenda raha yule, akasimama penye udongo mweusi chini ya mikuyu.

"Hapa hapa, mjomba. Pana rutuba, na utalima kivulini."

Mbelwa akatazama juu, akaona majani yameziba anga. Alijua mbaazi haichanui bila jua. Lakini alinyamaza. Mjomba ni mkubwa, na likiharibika, alijiambia, lawama haitakuwa yake.

Mibaazi ikarefuka, majani tele. Mashamba ya jirani yakawa manjano kwa maua, lakini kwa Mbelwa hapakuwa na hata moja. Kila asubuhi alikwenda kuinamisha matawi, akitafuta. Akaanza kwenda na jioni pia, aliposikia kwamba mfua vyuma wa kijiji cha pili naye amekwisha kutuma mshenga kwa Mzee Shemdoe.

Siku ya kukagua ikafika. Mzee alikuja na mkewe, Mwantumu, na majirani wasiokosa shughuli za watu.

"Maua yako wapi, mwanangu?" Mzee akauliza.

Mbelwa akanyoosha kidole juu. "Ni jua, mzee. Jua la mwaka huu limeyaunguza."

Mama Mwantumu akainua macho kwenye mikuyu. "Jua lipi, baba? Hapa hata kanga haikauki!"

Majirani wakaangua kicheko. Mbelwa akatapatapa. "Basi ni mjomba! Yeye ndiye aliyenichagulia."

Mzee Shemdoe hakucheka. "Wewe hukukiona hiki kivuli?"

"Nilikiona, mzee."

"Ukasema nini?"

Mbelwa akainamisha tawi, kama anayetafuta ua. Mzee akamgeukia binti yake. "Mwanangu, maisha ni yako. Sema."

Mwantumu alikuwa analia, na hakuyaficha machozi. "Mbelwa, kama ungesema tu, 'Nimekosea,' ningemwomba baba akupe mwaka mwingine, nami ningekungoja. Nilikuwa nalisubiri neno hilo. Umelilaumu jua, ukamlaumu mjomba. Kesho nyumba ikituwia ngumu, utanilaumu mimi."

Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi nyumbani. Msimu uliofuata mibaazi ya mfua vyuma ikachanua, na Mwantumu akaolewa naye, kwa kukubali mwenyewe.

Na Mjomba Kihiyo? Alihudhuria harusi, akala wali akashiba, akaongezewa. Aliyekosa mke ni Mbelwa. Tangu hapo, Kwamhingo nzima, mtu akianza kutafuta wa kumtupia kosa aliloliona kwa macho yake, hawakubishana naye. Walimwambia tu: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.