Nguchiro na Mashine ya Kifaru

Hapo kale, mwanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na meko kama sisi, Kifaru alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Ilikuwa moja tu katika nchi yao yote, na ilizungushwa na mota ya umeme. Fundi wake alikuwa Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa mikono, baba wa watoto sita waliokaa naye ndani ya kichuguu.

Mashine ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na tabia moja iliyomuudhi Kifaru. Kila alipoijaza mahindi kwa pupa, ilinguruma nguuu, ikazima.

Nguchiro alimfungulia kisanduku cha mota akamwonyesha kipande kidogo kama punje ya mtama. Akamweleza kwamba mota ikielemewa huvuta umeme mwingi, na umeme ukizidi, nyaya zake huungua. Kazi ya kile kipande ni kupima umeme unaopita na kukipasha habari kisanduku, nacho kisanduku huupunguza au huukata.

"Kumbe nimefuga mmbea," Kifaru akasema. "Mtoe."

Nguchiro alimsihi sana. Kifaru akamwambia jua likifika utosini kile kipande kiwe kimetoka, la sivyo atakifukua kichuguu chake kwa pembe, watoto wakalale wanakojua.

Basi Nguchiro akawaza. Kukataa hawezi, na kukitoa ni kuiua mashine. Akaingia nyuma na bisibisi yake, akagongagonga ko-ko-ko, akatoka na kipande kingine, kibovu, alichokuwa nacho mfukoni siku nyingi. Kifaru akakikanyaga mpaka kikawa vumbi. Kile chenyewe kilikuwa palepale.

Sasa je, mashine ikizima tena? Nguchiro alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Alikata bati, akaliziba koo la mashine nusu, akamwambia Kifaru kwamba bati lile ni la kuipa mota pumzi. Tangu hapo, hata Kifaru amimine debe zima, mahindi yalishuka kidogo kidogo, na mashine haikuzima hata mara moja. Kifaru akawa anapita kwa majirani akijisifu kwamba mashine anaijua yeye kuliko mafundi.

Wiki ya tatu, Bi Kifaru alikuja kuchukua unga wa chakula cha mchana. Alikuwa amejifunga kanga shingoni kwa sababu ya vumbi. Alipoinama kukinga unga, pindo la kanga likapeperuka, mkanda wa mashine ukalidaka. Kanga ikavutwa, na shingo ikavutwa nayo. Kifaru alikuwa mlangoni na gunia begani, na swichi ilikuwa ukuta wa pili. Alilitupa gunia akakimbia, huku akijua hatawahi.

Mota ikanguruma, nguuu. Kisha ikazima yenyewe.

Nguchiro, aliyekuwa juu akimimina mahindi, akaruka na kisu, akaikata kanga. Bi Kifaru akakohoa, akavuta pumzi, akakohoa tena. Alikuwa mzima. Kifaru akaketi kando ya mkewe juu ya unga uliomwagika, akalia bila kujificha.

Alipotulia aliuliza ni nani aliyeizima mashine. Nguchiro angeweza kunyamaza, lakini uongo ule ulikuwa umemchosha.

"Sikukitoa, mzee," akasema. "Ulichokanyaga ni kingine. Kanga ilipoibana mota, kile kipande kikapeleka habari, umeme ukakatwa."

Kifaru akainua macho kwenye koo la mashine. Nguchiro akaupima mlango kwa macho.

"Na lile bati?"

"Na bati pia nilikudanganya, mzee."

Bi Kifaru akaanza kucheka katikati ya kikohozi, na mumewe, machozi hayajamkauka, akacheka naye. Mchana ule Nguchiro alikula kwa Kifaru pamoja na watoto wake wote sita, na Kifaru mwenyewe ndiye aliyewanawisha mikono.

Ukimfukuza kila anayekuonya, mwanangu, omba Mungu mmoja wao akudanganye, abaki.