Hotuba ya Mzee Shekiondo

Mzee Shekiondo, tajiri mwenye mkono wa birika, alimwita Kibibi, aliyemaliza chuo kikuu juzijuzi na kuanza kuandikia watu kwa malipo.

"Niandikie hotuba ya harusi ya binti yangu. Sikulipi, ila nitakutangaza."

"Kwa mdomo wako, baba?"

"Kwa mdomo wangu, mbele ya wageni wote."

"Basi yatosha."

Siku ya harusi, mzee alikabidhiwa hotuba pale pale ukumbini. Akasoma, watu wakacheka, wakapiga vigelegele, naye kwa kunogewa akasoma mpaka mwisho:

"Maneno haya kaandika Kibibi, yule pale. Kwetu fundi hasifiwi kwa mdomo mtupu, hutunzwa. Mimi naanza, nanyi nifuateni!"

Bendi ikapiga. Wageni wakasimama na noti mkononi, wakimpisha mzee atangulie.

Kibibi alikuwa ameshatandaza kanga.