Fahali Aliyekatazwa Kisu

Hapo zamani, mji wa Mkongeni ulipokuwa bado na sultani wake, aliishi fukara mmoja jina lake Vuai bin Kombo. Watu walimwita Vuai Mpumbavu, naye hakulikataa jina hilo, kwa kuwa lilimwepusha na kazi nyingi. Kibanda chake na mkewe, Bi Mize, kilisimama mbele ya dirisha la Sultani Darweshi bin Faki, na Sultani alikichukia kama kibanzi jichoni. Ila alichelea kukivunja bila sababu, watu wasije wakanung'unika.

Basi ikawa Sultani anamwoza binti yake, akamwita Vuai barazani.

"Ewe Vuai!"

"Labeka, bwana wangu."

"Kesho utawachomea wakwe zangu fahali mzima, hapo uwanjani. Akishachinjwa na kuchunwa, kisu kisimguse tena kabla hujamweka mkekani mbele yangu, wala usimwondoe motoni mpaka aive sawasawa hadi mfupani. Ukimleta mbichi, au ameungua, kibanda chako nitakivunja."

"Nasikia na kutii," akasema Vuai.

Bi Mize aliposikia alijishika kiuno. "Mume wangu, paja la fahali ni nene na mbavu ni nyembamba! Vitaivaje pamoja? Tutalala wapi?"

"Mimi nimeambiwa nichome tu, mke wangu," akajibu Vuai. "Kuhusu kula sikuambiwa neno."

Asubuhi akamtundika fahali juu ya makaa, akawa anamgeuza polepole. Na desturi ya Mkongeni, iliyowekwa ili walafi wakome, ilikuwa hivi: anayetia kisu katika mnyama aliye bado motoni huurithi moto ule, atamalizia kuchoma yeye, na atawagawia watu kwa mkono wake.

Adhuhuri ikapita. Mafuta yakadondoka, harufu ikatanda uwanja mzima, na wageni wakawa wanameza mate. Sultani akatuma mtu kuuliza kama nyama ni tayari.

"Kwa nje, tayari," akasema Vuai. "Kwa ndani sijui, maana kisu nimekatazwa. Mwambie bwana wangu nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nangoja fahali mwenyewe aniambie."

Alasiri ikaingia. Mwinyi Haji, baba wa bwana harusi, akaanza kutafuta viatu vyake. "Twende zetu, jamaa," akawaambia watu wake. "Huku naona tumealikwa kunusa."

Sultani akasikia, akainuka mbio, kilemba kikimwendea upande.

"Mwondoe motoni, mpumbavu wee!"

"Ameiva hadi mfupani, bwana wangu? Ukiniapia, namwondoa."

"Nitajuaje mimi? Mkate uone!"

"Kisu nimekatazwa, bwana wangu. Kibanda changu ni kimoja."

Hapo Sultani, kwa njaa na hasira, akachomoa jambia lake akalididimiza pajani. Ndani nyama ilikuwa nyekundu, na damu ikachuruzika juu ya makaa.

"Mbichi!" akapiga kelele kwa furaha. "Mmeona nyote? Kibanda kimekwisha!"

"Nimeona, bwana wangu," akasema Vuai kwa adabu. "Lakini mimi sijamleta mbichi. Sijamleta kabisa. Yuko motoni bado, nawe ndiwe uliyemfuata, na jambia lako ndilo lililo pajani." Akavua kitambaa alichojifunga kichwani, akampa Sultani pamoja na kipepeo cha moto, akaenda kuketi mkekani karibu na Mwinyi Haji.

Kisha Kadhi, ambaye naye hakuwa amekula tangu asubuhi, akakohoa. "Desturi ni desturi, Maulana. Pepea, tafadhali."

Wakwe wakaangua kicheko. Sultani akaona akikataa ataaibika zaidi. Akapandisha kanzu, akachuchumaa, akapepea, jasho na moshi vikimwingia machoni.

"Geuza, bwana wangu!" akaita Vuai kutoka mkekani. "Upande wa mbavu unanuka vibaya!"

Hatimaye Sultani akakata, akamgawia kila mtu kwa mkono wake. Vuai alipopewa ubavu wake aliutazama, akautafuna, akautazama tena. Watu wote wakangoja.

"Umeungua, bwana wangu," akasema. "Lakini wewe kula tu, usiwe na wasiwasi. Mimi sivunji nyumba ya mtu kwa ajili ya ubavu."

Sultani Darweshi, uso mweusi kwa masizi, alimkodolea macho. Kisha akacheka mpaka kipepeo kikamtoka mkononi. Akamkatia Bi Mize nyama ya nundu, akampelekea mwenyewe hadi kibandani, na ilimbidi ainame sana ili aupite mlango ule.