Namba ya Mgeni

Mzee Kipaza hakuwa na gari, hakuwa na msaidizi, wala hakuwa na meno mawili ya mbele. Lakini alichopungukiwa zaidi ya hivyo vyote ni moyo wa kufundishwa na mtu mdogo kwake. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shingo ya mtangazaji huyu, hata hivyo, ilikuwa ngumu kama mpini wa shoka.

Idhaa yake ya redio ilikuwa imenunua kinasa sauti kipya, kidogo kama kiganja, kinachoweza kupiga simu studio kwa njia ya intaneti. Siku hiyo hukumu ya kesi ya kuvunjwa kwa soko ingesomwa saa nne asubuhi, na wachuuzi wote walikuwa wametega masikio redioni. Mkuu wa idhaa alikwishasema wazi: sauti isipofika, kipindi atapewa mwingine.

"Mzee, kinasa nimekifungulia namba yake," alisema fundi mitambo, mwanamke aliyechomeka bisibisi kwenye nywele, akimnyooshea karatasi. "Inaitwa 'mgeni saba'. Iandike hapa, na nywila chini yake."

"Mgeni, mimi? Binti, miaka thelathini na moja nimo humu! Kaa na karatasi yako, nitajiwekea mwenyewe."

"Haya, mwenyeji," fundi alicheka.

Kipaza akajaza namba kuu ya studio, ambayo nywila yake ilibandikwa ukutani, akaondoka kifua mbele.

Saa tatu na nusu, kwenye baraza la mahakama, alipiga studio. Laini ina shughuli. Akapiga tena, vilevile. Jasho likamtiririka. Akatoa karatasi, akamwandikia mkuu kwamba fundi ni mzembe, afukuzwe. Bahasha hakuifunga. Saa ilikuwa inakimbia, na barua haitangazi hukumu.

Akameza mate machungu, akampigia fundi kwa simu yake ya mkononi.

"Binti yangu, nimeshindwa. Nielekeze."

"Umeandika namba gani, Mzee?"

Kipaza akakitazama kinasa.

"Ya studio."

"Ndiyo maana! Namba hiyo studio wanaitumia. Unajipigia hodi mwenyewe, nani akufungulie? Futa, andika 'mgeni saba'."

"Na nywila sikuichukua."

"Ninayo. Polepole, herufi moja moja."

Akavaa miwani, akaandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa nne kasoro dakika tatu, studio ikaitika: "Mzee, unasikika kama uko nasi mezani!" Hukumu ikasomwa: soko lisivunjwe. Wachuuzi waliisikia neno kwa neno, wakashangilia kabla hakimu hajainuka kitini.

Alasiri, Kipaza aliichana ile barua, akaandika nyingine: "Ndugu Mkuu, kosa lilikuwa langu. Aliyekiokoa kipindi ni fundi wetu. Naomba anifundishe kila Jumatano." Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akamkabidhi tarishi aipeleke. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.