Mkeka wa Zawena na Hadithi Iliyokosa Mwisho

Hapo zamani, enzi ambazo hadithi ilipimwa kwa mkeka, palikuwa na mji wa wasusi uitwao Kilandu. Kila alasiri wanawake walikusanyika katika ukumbi wa Bi Rukaya, mkuu wao. Walisuka miyaa ya mkindu ikawa ukili, utepe mrefu, kisha ukili wakaushona ukawa mkeka. Wote walifanya kazi isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akasimulia.

Desturi yao ilikuwa hivi. Mkeka wa bibi harusi ulikuwa na hadithi yake. Hadithi ilianza na mwaa wa kwanza, ikaisha na mshono wa mwisho. Kisha bibi harusi alikuja akauliza, "Mkeka huu una hadithi gani?" Akasimuliwa kwa ufupi. Ikimpendeza, alitaja jina la msimulizi mara moja tu, mbele ya wote, na aliyetajwa akapewa kigoda kwa mwaka mzima. Isipompendeza, aliuacha mkeka palepale akaondoka. Nani atake kuanza ndoa juu ya hadithi mbaya?

Sasa, mwaka ule aliyekuwa anaolewa ni Zawena, na aliyekitamani kigoda kuliko wote ni Bi Mwatima. Vidole vya Bi Mwatima vilikuwa vimevimba kwenye viungo, havikunjiki tena; akishika mwaa unamponyoka. Na katika ukumbi ule hakuna aliyekaa bure. Msusi asuke, msimulizi asimulie, na asiyeweza hili wala lile abaki kwake. Kwake Bi Mwatima palikuwa na ukuta na paka, na paka mwenyewe hakuwa mzungumzaji.

Basi akasema, "Nipeni nisimulie mkeka wa Zawena." Wakampa.

Bi Mwatima akaanza. Alisimulia juu ya Mashavu, msichana mvuna chumvi. Siku moja mbuzi wa jirani walikanyaga chumvi yake yote. Mashavu akakasirika mpaka masikio yakawaka, na katika hasira ile akamwona kijana mzuri amesimama katikati ya chumvi. Kijana huyo aliitwa Shaweji, mtu wa nchi iliyo chini ya chumvi, na watu wa nchi hiyo huonekana na mwenye hasira tu. Mashavu alipomwona alivyo mzuri, hasira ikamwisha. Ilipomwisha, Shaweji akatoweka.

Ukumbi mzima ukaguna. Mwanamke akikasirika, anamwona mpenzi wake. Akimwona, anafurahi. Akifurahi, hamwoni. Watafanyaje hawa?

Siku ya pili wasusi walikuja mapema. Siku ya tatu wakaanza kusuka polepole, makusudi, ili mkeka usiishe upesi. Kule Kilandu hakuna sifa iliyozidi hiyo. Bi Mwatima aliviona vidole vyao vikizubaa, na moyo wake ukatulia kama wa mtu aliyeketishwa penye kivuli.

Lakini alikuwa na siri moja. Hakuujua mwisho.

Kwa hiyo akavuta. Siku ya nne alieleza macho ya Shaweji. Siku ya tano akaeleza macho ya Shaweji tena, upande wa pili. Siku ya sita akamleta binamu mwenye wivu. Siku ya saba Mashavu akasikia kwamba Shaweji ana mke, akalia siku nzima.

"Bi Mwatima," akasema msusi mmoja, "kwa nini Mashavu hamwulizi?"

"Anaona haya."

"Juzi alimrushia beleshi, leo anaona haya?"

Wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri. Siku ya nane mwanamke mmoja alisema anaumwa kichwa. Mwingine akasema mumewe ndiye anayeumwa kichwa. Wakabaki watatu, na mkeka haujafika nusu, na harusi imebaki siku tisa.

Ndipo Somoe akasimama. Huyu Somoe alikuwa msusi kijana, mwenye ulimi mwepesi. Akasema kwa adabu, "Shikamoo, Bi Mwatima. Pumzika kidogo, mama. Nikupokee."

Bi Mwatima akatazama mikeka iliyokaliwa na hewa, akampisha.

Somoe akampeleka Mashavu chini ya chumvi. Huko palikuwa na miji saba, na kila mji una mfalme, na kila mfalme ana ndege anayekula ndoto za watu. Palikuwa na mto unaopanda mlima na vita vya vivuli. Habari zikaenea. Siku ya tisa walikuja wanawake kumi. Siku ya kumi walikuja kumi na tisa, pamoja na yule aliyeumwa kichwa, amepona kabisa. Mkeka ukakimbia.

Ila wafalme walikuwa wengi mno. "Huyu ndiye aliyekatwa mkono?" "Hapana, huyo ni shemeji yake." Na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho Mashavu alipomtazama Shaweji. Siku ya kumi na tano, ukili ukiwa umebaki duru tatu tu kushonwa, Somoe akafanya haraka. Akasema Mashavu aliokota pete, na mwenye kuivaa pete ile humwona Shaweji wakati wote. Akaivaa. Wakaoana.

Vidole vya wasusi vikasimama.

"Pete?" akauliza Bi Rukaya.

"Ndiyo, pete."

"Ilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Mchangani."

"Mwanangu, tumemhangaikia huyu mtoto nusu mwezi, kumbe dawa ilikuwa mchangani?"

Bi Mwatima alitaka kufurahi kidogo, akashindwa. Ilikuwa kama kuona mtu amemwangusha mtoto wako.

Hapo aliyezungumza ni Shali. Shali alikuwa mshonaji, kazi yake ni kuunganisha ukili uwe mkeka, na kwa miaka thelathini alikuwa hajasema neno katika ukumbi ule ila "nipe uzi." Siku hiyo hakuinua hata kichwa.

"Mashavu alivaa pete," akasema, sindano ikienda. "Akamwona Shaweji asubuhi, mchana na jioni. Akamwona akipiga miayo. Akamwona akichokoa meno. Baada ya mwezi akawa anamtazama kama anavyoutazama mlango. Basi akaivua pete, akaitupa katika chumvi. Tangu hapo, kila jioni humtafutia Shaweji kosa. Uji umeungua. Kanga imekunjwa vibaya. Akikasirika, humwona. Akimwona, hucheka. Akicheka, Shaweji hutoweka, naye huanza kutafuta kosa jingine. Majirani husema, yule mwanamke hugombana na hewa, na hewa humchekesha. Wakazeeka hivyo."

Akakata uzi. Mkeka ulikuwa umekwisha.

Kisha msusi mmoja akaanza kucheka, na wa kando yake akawa anafuta macho, na wote wawili walikuwa na sababu ileile.

Kesho yake Zawena alikuja na mama yake. Akauliza, "Mkeka huu una hadithi gani?" Wakamsimulia, pete na yote. Akacheka, akaupapasa mkeka. "Nauchukua," akasema.

"Taja jina," akasema Bi Rukaya.

Somoe akatangulia. "Taja langu, dada. Siku ya nane walikuwapo watu watatu hapa, nao wanasinzia. Niliwarudisha mimi. Bila mimi ungechukua nusu mkeka. Pete yangu mliicheka, sawa, lakini bila pete Bi Shali angemfanya Mashavu achoke na nini?"

Shali akasema, "Mimi nimeshona miisho ya hadithi zenu miaka thelathini. Nimeshona mizuri na mibovu, na hakuna aliyeniuliza naonaje. Bi Mwatima aliahidi, hakutimiza. Somoe alisahau kilichoahidiwa. Mimi nilitimiza. Wewe, bibi harusi, ulicheka wapi? Ulicheka kwangu. Nami nakitaka hicho kigoda. Nimechoka kuomba uzi."

Ikabaki zamu ya Bi Mwatima. Angeweza kuvitaja vidole vyake. Hakuvitaja.

"Mimi mwisho sikuujua," akasema. "Niliwachosha wenzangu, ni kweli, na macho ya yule kijana niliyaeleza kupita kiasi. Lakini ni mimi niliyesema kwamba mwenye hasira tu ndiye amwonaye. Somoe aliivunja kauli hiyo, mkakasirika. Shali aliirudia, mkalia. Mngekasirika na kulia kwa ajili ya nani, kama hamkumpenda Mashavu tangu siku ya kwanza?"

"Walimpenda," akasema Somoe, "halafu wakaumwa kichwa."

"Ni kweli, mwanangu," akasema Bi Mwatima. "Na kwako pia waliumwa, ila kwa hesabu ya wafalme."

Hata Shali alitabasamu.

Zawena akamtazama Bi Rukaya. "Siwezi kuwataja watatu?"

"Kigoda ni kimoja, mwanangu. Wakikaa watatu kitavunjika."

Zawena akaukunja mkeka, akauweka begani. Akamtazama aliyewafanya wapende, akamtazama aliyewafanya warudi, akamtazama aliyewafanya waridhike. Akafungua kinywa, akataja jina moja.

Jina hilo mimi silisemi, maana ninyi nyote mmewahi kuipenda hadithi, mkaisinzia, mkaikasirikia, na mara mojamoja mkaridhika nayo. Semeni basi, na kila mtu atoe sababu yake: kati ya Bi Mwatima, Somoe na Shali, ni nani aliyestahili kukalia kile kigoda?